Picha ya Thelathini na Saba

Rafiki yangu Orrin, mpiga picha wa mji wa Duluth, Marekani, amekataa katakata kuachana na kamera ya filamu. Dada yake Maxine humtania, "Simu yangu inapiga picha elfu, kaka. Wewe unajifungia gizani kama popo kwa ajili ya picha thelathini na sita za mkanda mmoja."

Januari iliyopita, saa sita mchana, Orrin alijifungia katika chumba chake cha giza kusafisha picha za harusi ya jirani. Alizima taa, giza likawa totoro. Alikuwa akiizungusha filamu kwenye kigurudumu cha kusafishia, kwa kupapasa, aliposikia kamera ikipiga nyuma yake, upande wa mlangoni: kacha. Kamera yake ilikuwa jikoni, tupu.

Filamu ilipokauka, mwishoni palikuwa na picha moja ya ziada. Ni yeye mwenyewe mle gizani, ameinama, anazungusha filamu.

"Si ununue ya dijitali?" nilimwambia.

"Nilinunua. Mlio nikazidi kuusikia kila nikizima taa, picha ndiyo nisiione. Bora filamu, bwana, nijue huyo mpigaji amefika wapi."

Jana alinionyesha ile ya ziada ya mkanda wa mwisho. Ni sikio lake tu na kisogo, na nywele za shingoni zimelala upande mmoja, kama zinapulizwa.