Ukuta Uliokohoa

Mtoto akikohoa, ukuta nao ulikohoa. Justa alidhani ni mwangwi, mpaka siku ile ukuta ulipotangulia.

Nyumba yao ya Pasiansi, kando ya ziwa, ilikuwa ya zamani, yenye kuta mbili mbili na uwazi wa kupitisha mkono katikati. Shirika alilofanyia kazi mumewe, Masalu, lilipovunjwa, wafanyakazi waliuziwa nyumba walizokaa. Upepo wa ziwa uliingia katika uwazi ule, vyumba vikawa baridi, na kifua cha mtoto wao mchanga, Nathaniel, kikabana. Daktari alisema homa ya mapafu ikimrudia, hatapona.

"Tujaze pumba za mpunga humo katikati," Masalu alisema. "Mashineni wanazitupa tu. Nyumba itapata joto."

"Baba Nathaniel, humo kuna mtu," Justa alinong'ona.

"Kuna panya, mke wangu. Na kodi hawalipi."

Jioni hiyo mtoto alilia bila kunyamaza. Mama mkwe, Dorotea, alimpakata akaanza kuwaita wafu wa ukoo, kama ilivyo kwao mtoto anapolilia jina la babu: likitajwa lenyewe, hunyamaza.

"Ni wewe, Shimba? Ni wewe, Mayala?"

Kila alipotaja jina, sauti nyembamba ilijibu kutoka ukutani: "Si mimi."

Heri Dorotea angenyamaza. "Basi wewe ni nani?"

"Sina jina. Nipe la huyo."

"Lichukue, mjukuu wangu apumue!"

Papo hapo Nathaniel akatulia, akalala. Dorotea alijifunika uso kwa kanga.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimewaunganisha, Justa. Jina moja, pumzi moja."

Masalu hakutaka kusikia. Asubuhi fundi Bilali alitoboa ukuta juu, karibu na dari, akamimina debe la kwanza. Justa alikuwa chumbani akinyonyesha. Alisikia pumba zikiteremka, na ndani yake mtu akipaliwa, na alipoinamisha macho akamwona mwanawe amepanua kinywa bila kutoa sauti, midomo ikigeuka rangi ya majivu, vidole vikimkwaruza yeye kifuani kwa mwendo uleule ambao vidole vingine, nyuma ya lipu, vilikuwa vikikwaruza tofali.

"Acheni! Mnamuua!"

Masalu aliingia mbio, akamwona mtoto. "Bilali, vunja! Vunja chini!"

Nyundo ikapiga, tofali zikaanguka, pumba zikamwagika sakafuni. Nathaniel akavuta pumzi, akalia.

"Tukiacha wazi, baridi itamuua," Masalu alisema.

"Tukijaza, tutamuua sisi."

Hakuna aliyethubutu kuchungulia lile tundu. Ndani yake meno yaligongana.

"Mama," ikasema sauti. "Nasikia baridi."

Nathaniel, aliyekuwa amefunikwa blanketi mbili, akaanza kutetemeka. Bilali aliacha nyundo na debe lake, akaondoka bila kuaga.

"Tokeni nje," Justa akasema. "Wote. Na wewe, Mama."

Walipotoka, alivuta mkeka mpaka penye tundu, akakaa ubavu ukutani. Alifungua vifungo vya blauzi. Titi la kulia akampa Nathaniel. La kushoto akalielekeza gizani, akafumba macho, akangoja, mpaka kinywa cha baridi kilipolipata, kikaanza kunyonya.