Mwanajeshi Aliyeonja Maji

Mwaka 1991, zahanati ya Mbwera, kijiji kilichopo mto unapoingia baharini, ilipata muuguzi mpya, Mfaume. Watu walimwita Afande kwa sababu aliwahi kuwa mwanajeshi.

Mwanawetu, mama mmoja wa kijijini hapo, mtu wa kuulizauliza, hakutulia. Mwanajeshi na kutibu watoto, wapi na wapi?

Kabla hajapata jibu, binti yake anayenyonya, Johari, akaanza kuharisha. Mwanawetu alikuwa amefundishwa kliniki la kufanya. Alichemsha maji lita moja. Yalipopoa, akatia vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Alipima sawasawa. Johari akanywa, lakini kiu ikazidi. Kesho yake macho yalikuwa yameingia ndani. Mwanawetu aliogopa sana. Akambeba mbio hadi zahanati, na chupa ya maji yale mkononi.

"Afande, nimefuata kila kitu! Mbona mwanangu anazidiwa? Atanifia!"

Mfaume akaonja maji ya chupa, akatema.

"Mama Johari, maji haya umeteka wapi?"

"Kisimani kwetu. Ni matamu yale!"

"Matamu kwenu. Mimi mtu wa Bungu, mbali na bahari, nayasikia chumvi. Kiangazi hiki maji ya bahari yameingia kisimani, nanyi mmeyazoea. Kisha wewe ukaongeza chumvi nyingine. Chumvi ikizidi humkausha mtoto."

Akatengeneza dawa upya kwa maji ya mvua ya tangi la zahanati, yaliyochemshwa. "Onja. Isizidi chumvi ya machozi. Mpe kidogo kidogo, na ziwa usimnyime."

Mwanawetu alimnywesha kwa kijiko. Hata hivyo akauliza, "Afande, uliyajulia wapi haya?"

"Jeshini nilikuwa dereva wa lori. Wakati wa vita nilimbeba mwenzangu anaharisha. Aliniomba maji njia nzima. Nikamnyima, nikidhani yatamzidishia. Akafa kabla hatujafika. Nilipotoka jeshini nikaenda kusomea uuguzi. Wenzangu walinicheka sana."

Mwanawetu akajaza kijiko kingine.

Alasiri Johari akamkojolea mama yake.

"Vizuri! Mwili umepata maji," alisema Mfaume.

Mwanawetu akapiga kigelegele. Waliporuhusiwa, hata khanga hakubadilisha. Alipita kwa majirani nyumba kwa nyumba, na chupa ya maji ya mvua mkononi.

"Onjeni haya," aliwaambia. "Haya, sasa onjeni ya kisima chetu."

Wakaonja, wakaisikia chumvi. Tangu siku hiyo, kila kiangazi, maji ya dawa ya watoto hufuatwa kwa mtumbwi, mtoni juu, ambako maji ya bahari hayafiki.