Vodka ya Tangi

Jumamosi ile ya mwezi wa kumi, ndugu zangu, bandari ndogo ya Rymättylä, kule kaskazini ya mbali kwenye baridi, ilikuwa shwari. Mashua zilikwisha kupandishwa nchi kavu na kuegemezwa kwenye magogo, watu wanaziandaa kabla bahari haijaganda, na harufu ya kahawa na samaki wa moshi imetanda kila upande. Sirkka alikuwa amepiga magoti kando ya injini ya mashua yao ya tanga. Oili alikwisha kubadilisha. Sasa injini ilikuwa ikifyonza kutoka kwenye ndoo ile dawa ya kijani isiyoganda, mpaka bomba la moshi likaanza kutema kijani. Hapo akaizima. Baridi ya huko haina mzaha: maji yakisahauliwa ndani ya chuma, yakiganda hukipasua.

Likabaki tangi la maji ya kunywa. Hilo watu wa bandari ile hawalitii dawa ya injini, maana ni sumu, ijapokuwa ni tamu mdomoni. Hulimiminia vodka, wakapampu mpaka ifike bombani, na masika, barafu ikiyeyuka, wakasuuza mara moja, basi. Wenyewe hutaniana kwamba mashua hulala imelewa ili mwenyewe aamke mzima.

Lakini masika yaliyopita Sirkka alipopampu ili asuuze, bomba lilitoa hewa tupu. Vodka yote ilikuwa imekwenda, na kikombe cha mumewe, Jorma, kilikuwa kimefichwa chini ya kitanda. Ndipo alipoelewa kwa nini kila mwezi wa pili Jorma alishikwa na hamu ya kwenda kupangusa theluji kwenye turubai la mashua. Na huyu Jorma alikwisha kumwapia mkewe kwamba pombe ameacha! Sirkka akakiosha kikombe, akakirudisha kabatini, hakusema neno. Unashangaa? Usishangae. Hesabu nyumba za mtaani kwako zinazoishi hivyo hivyo.

Basi mwaka huu hakununua vodka, wala hakutafuta dawa nyingine mapema. Maduka yalikuwa yamefungwa tayari, na redio ilikuwa imetangaza baridi kali usiku ule ule. Ilpo, jirani yao bandarini na rafiki wa Jorma tangu utotoni, akachungulia mlangoni.

"Shemeji! Mbona sijaona chupa? Au mwaka huu mashua imeokoka?"

"Imeshakunywa," Sirkka akadanganya.

"Kama bado sema tu. Nina galoni la ile dawa nyekundu ya matangi, isiyodhuru mtu, limebaki nusu. Chukua bure, usinionee haya."

"Nimekwambia imeshakunywa, Ilpo. Unataka iamke na kichwa kinauma?"

Ilpo akacheka, akaenda zake.

Angeipokea dawa ile, Ilpo angeuliza kulikoni, na Sirkka angelazimika kulitamka neno mlevi juu ya mumewe. Aibu ikamziba mdomo. Akachukua dawa ya kijani iliyobaki kwenye ndoo, akaimimina kwenye tangi la kunywa, akapampu mpaka ikatoka bombani. Akajiambia masika atasuuza mara kumi. Alikata kipande cha boksi, akaandika USINYWE, akakifunga bombani. Kisha akakifungua. Jorma angekiona, angejua amegunduliwa, na wangelazimika kuongea.

Hivi kweli, ndugu zangu, mtu aogope kuongea kuliko sumu? Naam, wapo.

Mwezi wa pili ulipofika, Jorma akavaa buti.

"Mke wangu, nakwenda kupangusa theluji mashuani."

Sirkka alikuwa akimenya viazi. Akajiambia Jorma ataona rangi, atatema, atajua, na hawatahitaji kusemezana. Alisahau kwamba turubai limeziba madirisha yote na ndani ni giza, na kwamba mwenye kiu hiyo haangalii rangi.

"Vaa kofia," akasema.

Jorma alirudi akiyumba, ulimi mzito. Sirkka alidhani ya tangi ameitema, akapata pombe kwingine. Akamfunika blanketi kama siku zote, akamwacha alale. Asubuhi Jorma alikuwa akitapika, anahema, anashika kiuno kwa maumivu. Gari la wagonjwa likawachukua hadi mjini Turku.

"Amekunywa nini?" daktari akauliza.

"Kahawa tu," Sirkka akasema. Hata hapo!

Jorma akafumbua macho. "Usimfiche daktari, Sirkka. Nimekunywa ya tangi." Akaupapasa mkono wa mkewe. "Wewe si ulikuwa unajua? Masika yale nilikikuta kikombe kabatini, kimeoshwa. Nikasema, huyu mwanamke kanisamehe, ananiachia kidogo changu. Na mwaka huu ukaitia na utamu. Asante, mama."

Sirkka alimvuta daktari ukumbini, akamweleza yote. Daktari akamwambia watamtilia Jorma pombe mshipani, kwa kuwa pombe huizuia sumu ile mwilini. Ile ile aliyomnyima! Lakini wangepaswa kuianza jana, alipofika nyumbani anayumba. Figo zilikuwa zimekwisha kufa, na moyo ukafuata. Jorma alikufa akiamini mkewe alimtilia utamu kwa mapenzi, na Sirkka hakuwahi kumwambia ukweli.

Masika yalipofika, Ilpo alikwenda kuling'oa tangi lile kwenye mashua. Alimkuta Sirkka amekaa kwenye ngazi, na galoni la dawa nyekundu bado liko chini ya mashua yake Ilpo, nusu vile vile.

"Ungeniambia tu, shemeji," Ilpo akasema, machozi yanamtoka. "Mimi nilijua Jorma anakunywa. Bandari nzima tulijua. Tulinyamaza tusikutie aibu."

FUNZO

Mficha maradhi kifo humuumbua. Ulevi ni maradhi, na nyumba inayoufunika blanketi huulea. Ndugu yako akilewa, mwambie usoni, kisha mtafutie msaada, na jirani akikunyooshea mkono usiurudishe kwa ajili ya fahari. Nanyi majirani mnaojua mkanyamaza mkaita heshima, msijitoe katika kisa hiki. Jorma hakuuawa na tangi. Aliuawa na watu waliompenda, na kila mmoja wao alikuwa na neno la kusema akalimeza.