Dakika Kumi za Kurudisha Betri

Jumapili hiyo ya Septemba mtaa wetu hapa mjini Sevlievo ulinukia pilipili hoho za kuchoma, kama kila mwaka. Uani kwa Blagoy, dereva wa basi aliyestaafu, mkewe Nevena alikuwa akizigeuza juu ya bati la moto, apate za kusaga na kutia chupani kwa majira ya baridi. Blagoy mwenyewe alikuwa ameinamia gari la marehemu baba yake, lenye umri wa miaka hamsini na sita.

Gari lile lilikuwa na ugonjwa mmoja: liliwaka, likanguruma kidogo, likazima. Kwa majuma matatu Blagoy alibadilisha koili, plagi na platini, vipuri vya kuwashia injini, lakini halikupona. Asubuhi hiyo aling'oa betri ya gari lao la kila siku ili alipimie hili.

Saa tatu Nevena alimjia akijifuta mikono.

"Mzee, kifua kinanibana. Na mkono huu wa kushoto mzito. Nipeleke kwa daktari."

"Ni moshi huo. Kaa kivulini."

"Moshi gani? Nimechoma pilipili miaka arobaini."

"Betri iko huku, Nevena. Nikiupata waya mbovu nitairudisha."

"Kuirudisha ni muda gani?"

"Dakika kumi. Lakini nikiifungua sasa nitapoteza nilipofikia."

Jirani yao Metodi, aliyekuwa akichungulia juu ya ukuta, alicheka. "Shemeji, ulikosea kuzaliwa na miguu. Ungekuwa na magurudumu ungeangaliwa."

Nevena akatabasamu, akarudi kwenye pilipili zake. Ndugu zangu, wengi wetu tulikuwa tukicheka maneno kama hayo. Hakuna aliyeleta gari.

Blagoy alifuata nyaya kwa balbu ya kupimia, kutoka swichi ya ufunguo hadi kwenye koili. Umeme ulifika. Akafungua kifuniko cha distributa, kifaa kinachogawa umeme kwa plagi. Ndani mlikuwa na waya mfupi, mwembamba, unaokwenda kwenye platini. Kwa macho ulikuwa mzima. Alipouvuta kidogo, balbu ikazima, alipouachia, ikawaka. Shaba ilikuwa imekatika ndani ya ganda lake.

Nevena alimwita mara mbili kutoka dirishani.

"Naja, naja," alijibu, akikata waya mpya.

Saa nane injini iliwaka na haikuzima. Blagoy alisimama akiisikiliza, kisha akaita, "Nevena, njoo usikie." Akaita tena. Alimkuta jikoni, ameketi sakafuni, mgongo ukutani, midomo imebadilika rangi.

Alimpeleka hospitali kwa gari lile lile. Njia nzima halikukwama.

"Maumivu yalianza lini?" daktari aliuliza.

"Saa tatu asubuhi."

Daktari alitazama saa ya ukutani. "Wakati huo ningekuwa na la kufanya," alisema.

Nevena alifariki kabla jua halijatua.

Siku ya arobaini tulikula ngano ya kuchemsha kaburini kwake, kama ilivyo desturi yetu ya kuwakumbuka wafu. Blagoy alimwambia Metodi, "Kama ningekuwa safarini, watu wangenihurumia. Nilikuwa hatua kumi na mbili kutoka kwake. Nimezipima."



MAFUNZO

Anayesema anaumwa aaminiwe mara ya kwanza. Mashine mbovu itakungoja hadi kesho na keshokutwa. Moyo wa mtu haungoji. Nasi majirani, tunapomsikia mtu akiomba kupelekwa kwa daktari, tuache mzaha, tuchukue ufunguo, tumpeleke.