Kutu Chini ya Rangi Nyeupe

Mshonaji alikuwa anapiga deki jikoni, peku, miguu imelowa. Akashika mlango wa friji ili ajiinue. Vidole vikamchonyota kama vimevamiwa na siafu. Akaruka nyuma.

Jana yake alikuwa amelipaka friji lile rangi nyeupe. Kutu ilikuwa imelila miguu na mgongo, na mama mkwe, aliyewapa friji hilo walipooana, alikuwa njiani kuja kuwatembelea.

"Mama, nina kiu," binti yake mdogo alisema, akilifuata friji.

"Usiguse."

Mtoto naye alikuwa peku. Mshonaji akamkwapua.

Mumewe, aliyekuwa mezani, akacheka. "Umechoka tu, mke wangu. Tangu lini rangi ikauma?" Akanyoosha mkono.

"Shemeji, mkono huo huutaki tena?"

Aliyeuliza kutoka mlangoni alikuwa jirani yao, mwanamke fundi wa mafriji, amekuja kuchukua gauni lake. Mume akautia mkono mfukoni.

Fundi alizima swichi kuu, akachomoa plagi, akaligeuza friji. Nyuma palikuwa na waya uliochunika, umegusa bati. Kando yake, skrubu ndogo ilikaza waya wa kijani na manjano.

"Hii skrubu uliifungua?"

"Ndiyo. Chini yake palikuwa na kutu. Nikapaka rangi vizuri, nikaikaza tena."

"Hapo ndipo ulipokosea, dada. Waya huu hupeleka ardhini umeme unaovuja. Lazima uguse bati tupu. Rangi yako imeuzuia, umeme umebaki kwenye friji ukimsubiri mtu."

Mshonaji akamtazama binti yake. Akaketi, akampakata.

Fundi alibadilisha waya uliochunika, akakwangua rangi chini ya skrubu, akaikaza, akapima kama umeme bado unavuja. Kisha akampa mshonaji msasa.

"Sugua kutu mpaka bati ling'ae. Paka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu, iache ikauke, ndipo upake nyeupe. Kwenye skrubu usipake kitu. Ukichonyotwa tena, hata kidogo, zima umeme uniite."

Mama mkwe alipofika, friji lilikuwa na mabaka ya kijivu.

"Friji langu limeugua surua?"

Mshonaji akamweleza yote. "Niliogopa utasema sikulitunza, mama."

"Kwa hiyo ungenizika, lakini friji likiwa jeupe."

Akavua viatu, akaliendea friji. Mshonaji alibana pumzi. Mkono ukashika mlango. Mlango ukafunguka.

"Maji yenu ni ya baridi kweli," mama mkwe alisema, akimmiminia mjukuu wake kwanza.

Hapo ndipo mshonaji alipopumua.