Folda ya Hesabu

Kila siku nikitoka shule nilipitia dukani kwetu. Lilikuwa chumba kimoja tu: mbele mashine ya kutolea kopi, nyuma pazia jeupe la kupigia picha za vitambulisho, na pembeni kompyuta kongwe iliyonguruma kama paka aliyeshiba. Nilifagia vipande vya karatasi, nikapanga bahasha, kisha Mama akaniachia kiti cha kompyuta nifanye kazi za shule.

Kiti kile kilikuwa cha Baba. Yeye ndiye aliyekuwa mpiga picha. Kila Jumapili alijaribu kamera yake kwa kuturekodi sisi: Kaka akipiga danadana, Mama akimfukuza na mwiko, mimi nikisimama dirishani. Aliniita Jicho, kwa kuwa niliona kola ya mteja iliyokunjika kabla yeye hajaiona. Nilipokuwa darasa la sita aliugua wiki mbili tu, akatutoka. Video zake zikabaki kwenye kompyuta, ndani ya folda aliyoiita "Nyumbani".

Mama hakuwahi kuifungua. Mimi niliifungua mara kwa mara, sauti nikiiweka chini kabisa.

Alasiri moja nilimkuta Mama mlangoni, mikono kiunoni. Kaka, ambaye mtaa mzima ulimwita Nahodha kwa sababu ya mpira, alikuwa ameinamisha kichwa.

"Michezo yako imemaliza nafasi yote!" Mama alifoka. "Mwalimu mkuu anataka picha za wanafunzi mia moja na arobaini kesho asubuhi. Zipo kwenye kamera, kompyuta inazikataa. Nikimwangusha, kazi za shule zitaenda duka jingine. Tutakula nini?"

"Mama, nimeshaifuta yote. Hata ule wa mbio za magari."

"Umeifuta, mbona kompyuta bado imejaa?"

Kaka alinitazama kama anayeomba shahidi. Mimi nikajifanya natafuta ufagio.

Mama alikuwa amemwita fundi wa kompyuta. Watu walimwita Fundi Pole, maana hakuna aliyewahi kumwona akikimbia, hata mvua ikimnyeshea. Alivuta kiti, akaketi, akafuta miwani.

"Fundi, mwizi nimeshamkamata," Mama alisema. "Ni huyu."

"Pole, mama. Nyama ikipotea sufuriani, usimshike mwenye mafuta mdomoni. Huenda alilamba kijiko tu. Tupime matumbo kwanza."

Alianza na pipa la taka la kompyuta. Michezo ya Kaka ilikuwa humo.

"Kijana amesema kweli," alisema. "Ila kitu ukikifuta kinakaa kwanza pipani, kinaendelea kushika nafasi mpaka ulimwage." Akalimwaga. Ikapatikana nafasi ya picha ishirini tu.

"Basi si yeye," alisema. Kaka akashusha pumzi.

Kisha fundi alifungua programu inayopima kila folda na kuzipanga kwa ukubwa, kubwa zaidi ikiwa juu. Tulisubiri. Nilifagia mahali nilipokwisha kufagia. Orodha ilipotokea, fundi alipiga mluzi.

"Ya kwanza inaitwa 'Hesabu'. Imekula zaidi ya nusu ya diski. Hesabu za shule hizi? Huyu binti anahesabu nyota?"

Kaka aliangua kicheko. Mama hakucheka.

"Hizo achana nazo, ni kazi zake za shule. Huyu hajawahi kunisumbua. Mashine ni ya zamani, itakuwa imekosea. Inayofuata ni ipi?"

Fundi alinitazama juu ya miwani, akarudi kwenye orodha.

"Inayofuata ni 'Nyumbani'."

Mama alishika pindo la nguo yake, akalikunja, akalikunjua.

"Hizo ni za marehemu," alisema taratibu. "Zifute. Waliobaki lazima wale."

Ningeweza kunyamaza. Kaka alikuwa ameshalaumiwa, na mimi nilikuwa nimeshatetewa. Na hata 'Nyumbani' ikifutwa, mimi nisingepoteza kitu. Lakini nilimwona Mama akilikunja tena pindo lile.

"Usifute!" nilisema. "Kwenye 'Hesabu' hakuna hesabu. Ni mimi."

Nikaeleza yote huku nalia. Baba alizoea kuwaambia wateja, "Picha isiyo na nakala imeshaanza kupotea." Baada ya mazishi niliogopa sauti yake isije ikapotea nayo. Basi kila Ijumaa niliinakili folda ya 'Nyumbani' yote, nikaificha ndani ya 'Hesabu', mahali ambapo Kaka asingechungulia hata kwa fimbo. Zilikuwa Ijumaa ishirini na tisa.

Nilingoja kofi. Mama alikaa juu ya boksi la karatasi, akanivuta kwake.

"Pole, binti," fundi alisema. "Lakini sikiliza. Ukiandika jina lako mara thelathini kwenye karatasi moja, karatasi ikiungua, yamebaki majina mangapi?"

"Hakuna."

"Diski hii ikifa, nakala zako zote zinakufa siku moja. Baba yako alikuwa na maana nakala ikae mahali pengine."

Akatoa flashi mbili mfukoni, akanakili video za Baba kwenye kila moja. Moja tulikubaliana ikakae nyumbani kabatini, nyingine kwa shangazi. Alihakikisha kila video inafunguka, ndipo akafuta zile nakala ishirini na tisa. Picha za wanafunzi zikaingia zote, na printa ikaanza kazi yake.

"Nisamehe, Kaka," nilisema. "Nilikuacha ulaumiwe."

"Utafagia zamu yangu wiki mbili," alijibu. "Na hesabu zako sitaziamini tena."

"Na mimi unisamehe, Nahodha," Mama alisema. "Kwa kuwa una kelele, nilikuhukumu. Na kwa kuwa dada yako ni mkimya, sikumuuliza."

Kisha akamwomba fundi afungue video moja, sauti juu. Baba akasikika chumba kizima: "Jicho, simama hapo kwenye mwanga. Usicheke. Haya, sasa cheka."

Mama alicheka, machozi yakimtoka.

"Mwanangu," alisema, "leo umesema kweli wakati uongo ulikuwa rahisi. Hilo ndilo baba yako angelipenda. Lakini usifiche tena jambo linalokuogopesha. Hofu iliyofichwa inajaa kidogo kidogo, na anayeumia si wewe peke yako. Niambie. Na mimi nilikuwa naiogopa sauti hii. Sasa tutaisikiliza pamoja."