Maua Yaliyomeza Ujumbe

"Kitenge hiki bei gani?"

Odyek aliuliza huku akipigwa vikumbo na wachukuzi wa mikungu ya matoke katika soko la Nateete. Kahambu, mwenye meza, binti wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyejifunga kitenge cha manjano kilichomkaa sawasawa, hakutaja bei.

"Weye! Kwenu hawasalimiaka?"

"Hapana kasirika, dada. Mimi mutoto ya polisi. Kwetu kambini tunasema neno moja, basi."

"Sisi tunaulizaka mama kwanza, kisha dada, kisha majirani. Bei inakuja nyuma."

Odyek akasalimu mpaka majirani wa majirani. Kitenge akakisahau mezani, moyo nao akauacha hapo hapo.

Kazi yake ilikuwa kutunga programu za simu, kwa hiyo walipokuwa wapenzi alitunga ya kutumiana ujumbe, yao wawili tu. Kila ujumbe aliutengea baiti mia mbili, yaani vijumba mia mbili vya kuhifadhia herufi. Akaijaribu kwa maneno yake mwenyewe: "Nakuja." "Nimefika." Yote yakaenea, akajipongeza. Hakukumbuka kujaribu na salamu za Kahambu.

Kwa kawaida Kahambu alimpigia simu. Lakini siku mama yake alipolazwa akivuja damu, salio la kupiga lilikuwa limekwisha, imebaki intaneti tu. Hospitali ilikosa damu, na Odyek alikuwa wa kundi O, lililomfaa mama. Akamwandikia kwa programu yao. Hata katika kiwewe kile mkono ulifuata malezi: alimsalimu yeye, mama yake, dada zake, majirani, na baada ya kila salamu akaweka safu ya vijipicha vya maua mekundu. Ombi likaja mwisho.

Jibu halikuchelewa. "Asante mupenzi. Sisi wazima. Salimia mama."

Kahambu akaona amekataliwa, hakuandika tena. Mama alikata roho kabla ya magharibi.

Odyek aliposikia alikimbilia matangani, nyumbani kwa kina Kahambu, Kasubi. Alimkuta Kahambu mlangoni, kitenge cheusi kichwani, macho yamevimba.

"Nilikuomba damu, ukanipa salamu!"

"Damu gani? Kahambu, mimi sikuona!"

Wakaziweka simu pamoja. Kwa Kahambu ujumbe ulikuwa kamili. Kwa Odyek uliishia kwenye ua jekundu.

"Nilihesabu kila ua kama herufi moja," alisema. "Kumbe ua moja linakula baiti nne. Nafasi imejaa, maneno ya mwisho yamekatwa."

"Basi maua yangu ndiyo imeua mama?"

"Hapana, mupenzi. Ni mimi nimepima vibaya."

Alisema kweli, lakini kweli haifufui mtu. Kahambu alilia kifuani pake, kisha akamsukuma taratibu na kurudi ndani.

Odyek akaipanua nafasi ya ujumbe hata kitabu kizima kingeenea. Akasubiri. Matanga yalipoanuliwa, simu ikalia: ujumbe wa Kahambu.

"Ninaenda Nairobi kwa mama mdogo. Ninakupenda, lakini nikikuona ninaona mama. Usinifuate."

Odyek alisukuma kioo kwa kidole, akitafuta salamu. Akaupima ujumbe kwa baiti, akaupima tena. Ulikuwa umefika wote.